Muhuri Wangu Juu ya Kurasa za Mama Vero

Kamina, Jumamosi alasiri

Numbi, mwanangu,

Kile kitabu ulichokiweka kwenye fleshi nyekundu, kile unachokipeleka Lubumbashi kesho ili wenzako wakiweke kwenye intaneti, sikukiandika mimi. Nimeanza na hilo kwa sababu najijua. Ningeanza na salamu na habari za treni, ningefika ukurasa wa tatu bado nazunguka, halafu ningekumbuka kazi fulani ya dukani na barua isingekwisha.

Si wewe peke yako uliyeamini hivyo. Nusu ya Kamina inaamini kwamba Watu wa Kisale ni kazi ya baba yako. Lakini wiki iliyopita, mezani, ulipomwambia mama yako kwa furaha, "Kitabu ya papa itasomwa dunia muzima," nilirudisha tonge la bukari sahanini. Mama yako alinitazama mara moja, akaendelea kula. Yeye anajua. Amenyamaza miaka yote hii kwa sababu nilimwomba, na kumwomba vile hakukuwa jambo la heshima.

Sasa uko kwa shangazi yako unasukwa nywele, nami nimefunga duka mapema. Habari za sweta, za kutofungulia mlango watu usiowajua, za maji ya kuchemsha, utazipata kwa mama yako. Ameandaa za kutosha hadi Lubumbashi na kurudi. Mimi nina moja tu. Nitakupa barua hii stesheni, uisome ndani ya treni, mahali ambapo siwezi kukukatiza maneno kama kawaida yangu.

Aliyekiandika ni Mama Vero. Véronique Bolumbu ndilo jina lake kamili, na naomba uliseme kwa sauti hata kama jirani yako kwenye kiti atakushangaa. Unamkumbuka, ingawa ulikuwa na miaka minane tu: yule mwanamke mrefu wa kambini, mke wa sajini, muuza maharagwe, aliyetoka mbali kule Equateur. Kila Jumamosi aliwakusanya watoto wa base ya jeshi na watoto wa mjini kwenye ukumbi wa parokia kucheza mchezo wa kitabu hicho. Wewe siku zote ulitaka kuwa mfua chuma, na ukinyimwa ulinuna mpaka Jumatatu.

Mchezo wa namna ile ulifika Kamina ndani ya sanduku la askari mmoja. Kilikuwa kijitabu cha Kifaransa, fotokopi ya fotokopi, herufi zimeanza kupotea, habari za mashujaa wa Ulaya na ngome na majoka. Mama Vero alikisoma akaelewa namna yake. Watu wanne watano wanakaa mezani. Mmoja anaongoza hadithi, wengine kila mmoja anachukua mtu wake na kusema kwa niaba yake, na pale bahati inapotakiwa kuamua wanatupa dadu. Hakuna mshindi. Hadithi inakwenda mpaka wachoke au mpaka mama zao wawaite.

Angeweza kuishia hapo, na watoto wangefurahia majoka. Lakini aliona kwamba walikuwa wanauliza ngome ni nini kila baada ya dakika tano. Akakiweka kijitabu pembeni. Akapanda treni mpaka Bukama, akalala kwa wanawake wanaouza samaki, akawauliza juu ya ziwa Kisale, juu ya mafunjo yanayoelea na kuhama na watu waliojenga juu yake, juu ya majina ya samaki na ya pepo. Akafika Sanga, pale walipofukuliwa watu wa kale waliozikwa na vyungu na shaba. Alirudi Kamina na homa ya wiki mbili na madaftari matatu, ndani yake ramani ya ziwa aliyoichora mwenyewe.

Unaujua mchezo kuliko mimi, kwa hiyo nitasema jambo moja tu. Mtu wako akifa, mchezo hausimami. Wenzako wanamzika, na kila mmoja anasema chungu gani anamwekea kaburini na kwa nini. Maneno yale yanaandikwa, na mtu mpya utakayemchukua anapata nguvu kutoka kwayo. Nimemwona askari mzima, baba wa watoto sita, anajifuta macho pale ukumbini kwa sababu binti wa jirani alimwekea mtu wake chungu cha maji, "juu alikuwa anatugawia bote." Kanuni ile haikutoka kwenye kijitabu cha Ulaya. Wala haikutoka kwangu. Ilitoka kwenye kichwa cha mwanamke aliyekuwa anauza maharagwe.

Alileta madaftari yake dukani akitaka kopi mbili, moja ya watoto na moja ya kuweka. Nilikuwa nimenunua skana ya mtumba siku chache kabla, na nilikuwa naitafutia kazi kama mtu mwenye panga jipya anavyotafuta mti. Nikatoa kopi zake mbili. Kisha nikafanya ninachofanya kwa kila karatasi inayopita mikononi mwangu. Nilichukua muhuri.

Wenzako wa Lubumbashi watacheka, lakini wewe umekulia nyuma ya meza yangu na unajua. Hapa kwetu ukipeleka karatasi isiyo na muhuri, kashe tunavyouita, mtu wa dirishani anairudisha kwa kidole kimoja bila kuisoma. Cheti cha ubatizo, barua ya kuomba ruhusa, orodha ya viti vya harusi, vyote nimevigonga. Na muhuri wangu una jina la duka, na duka lina jina langu: Papa Numbi. Mama Vero alikuwa ameandika jina lake kwa herufi ndogo, chini kulia, kwenye kila ukurasa. Chini kulia ndiko mkono wangu unakogonga tangu nianze kazi. Nikagonga kurasa zote, mia moja na kitu, kwa bidii, nikiamini nampa heshima. Halafu, bila kumuuliza, nikapitisha kopi moja kwenye skana na kuihifadhi ndani ya mashine.

Alipokuja kuchukua kazi yake aliona mihuri, akadhani ndio utaratibu, akanishukuru. Alinishukuru, Numbi. Nami sikumwambia kwamba nimebakisha nyingine.

Baadaye binamu yangu wa Bukama akasikia habari za mchezo, nikamtumia kwenye simu. Yeye akatuma kwa wengine. Ndani ya miezi michache kitabu kilikuwa kimefika Likasi na Malemba, na vijana wakaanza kuja dukani kuniomba niwachapie "mchezo ya Papa Numbi," kwa sababu hilo ndilo jina pekee lililosomeka kwenye kurasa. Mara ya kwanza nilikohoa na kusema kuna mama mmoja aliyesaidia. Aliyesaidia, ndivyo nilivyosema. Mara ya pili sikusema kitu. Mara ya tatu nilikuwa nimeshazoea.

Kisha mtangazaji wa redio hapa mjini akanialika. Nilivaa lile shati langu la bluu. Akaniuliza kitabu kimetoka wapi, nikajibu, "Inatoka hapa kwetu Kamina, mu bureau yangu." Kila neno lilikuwa kweli, na nilidanganya. Mama Vero alinisikia akiwa jikoni kwake kambini.

Alikuja kesho yake asubuhi. Hakupiga kelele. Alisubiri mteja aondoke, akaketi kwenye benchi.

"Papa Numbi, minyi sikatale bantu basome," alisema. "Nilifurahi kusikia banacheza mpaka Likasi. Nakuuliza tu kintu kimoja. Jina yangu iko wapi?"

Nikafungua ukurasa, nikaweka kidole chini kulia. "Iko hapa, chini ya kashe."

"Basi unaona weye mwenyewe."

Ningeomba radhi pale pale, mambo yangekwisha kwa nusu saa na chai. Badala yake nilitafuta maneno, na maneno ni kazi yangu, siyakosi. Nikamwambia, "Mama, ile bantu ba Kisale ni bankambo betu, sisi Baluba. Weye unatoka Equateur. Utasema je ni ba weye?"

Nimeandika mengi mabaya kwa niaba ya wateja, barua za kufukuza wapangaji, barua za kuvunja uchumba. Sijawahi kutamka neno baya kuliko hilo.

"Bankambo ni benu," akasema. "Sikubakamata. Lakini minyi njo nilienda kuuliza ba mama ba samaki. Minyi njo nilichora ile karte ya ziwa. Ile siku zote, weye ulikuwa wapi?"

Nikajaribu tena. Nikasema na yeye aliiga kitabu cha Wazungu.

"Niliiga namna ya kucheza. Hata weye unaweza kuikamata leo, uandike mchezo ya weye, sitakuuliza kintu. Karatasi iko, bic iko. Andika."

Nikaisukuma ile kalamu pembeni. Nikamwambia nitatengeneza, nitarudisha jina lake. Akainuka, akaitikia kwa kichwa, akaenda. Sikutengeneza. Kiangazi kilichofuata mume wake alihamishwa, nao wakaondoka Kamina. Nilisikia siku wanapakia mizigo, na nilijitafutia kazi dukani mpaka treni ilipopiga honi.

Utauliza kwa nini. Nimejiuliza pia, na jibu ni dogo kuliko nilivyotaka. Nilipenda kusalimiwa. Miaka yote nimeandika maneno ya watu wengine, kisha watu wakaanza kunyoosha kidole barabarani na kusema yule ndiye mwenye kitabu. Ilikuwa tamu, na nina aibu kukuambia kwamba mpaka leo, nikiikumbuka, bado ni tamu kidogo.

Halafu, mkono wangu umekuwa na haraka siku zote. Kabla hujazaliwa, mkulima mmoja mzee kutoka vijiji vya huku nyuma alikuja nimwandikie mwanawe aliyekuwa Kolwezi. Alisema maneno manne: mvua imenyesha, mama yako anakohoa, ng'ombe hatuna tena, njoo. Nikaona ni machache mno. Nikamwongezea ukurasa mzima wa majonzi, wenye machozi na nywele nyeupe. Mwana hakuja. Miezi kadhaa baadaye akafika mwenyewe kwa jambo lingine, akaniambia aliitupa ile barua kwa sababu baba yake hasemi hivyo, alidhani ni mtu anataka kumtapeli. Mama yake alikuwa ameshazikwa. Yale maneno manne yangetosha kumleta. Tangu siku ile naandika kama mteja anavyosema, hata akisema vibaya. Ajabu ni kwamba niliyajua haya yote Mama Vero alipoingia dukani, na bado nilimfanyia vilevile kwa njia ya mashine.

Sasa kuhusu wenzako. Uliniambia pale mezani, "Papa, kintu kikisha kuingia mu net ni ya bote." Sikukujibu kwa sababu ningekuwa najibu kwa mdomo wa mwizi. Lakini nimelifikiria wiki nzima, na sitakuambia kwamba kugawa ni kosa. Mtoto wa Malemba aliyecheza kwenye simu ya dada yake asingemjua mfua chuma wa Kisale kama mimi ningefungia kurasa kabatini. Kwa hilo sijuti, na siwezi kujifanya najuta.

Najuta kwamba niligawa kisicho changu bila kuuliza, na niligawa bila mwenyewe. Kitu kikienda hivyo kinaanza kuharibika njiani. Nimeona kopi isiyo na sura ya mazishi, mtu aliiruka ili ipungue uzito. Nimeona nyingine ambamo ziwa limepewa jina jingine kabisa. Na mwaka jana mteja kutoka Kabongo aliniletea kurasa nimsomee herufi zilizofifia, nikakuta juu ya muhuri wangu kumegongwa muhuri wa duka lingine. Nilikasirika. Nilikasirika kweli, nikamwambia huu ni wizi, nikasimama na kiti kikaanguka, kabla sijajiona. Yule mteja alidhani nina malaria.

Wiki hii, tangu ile siku ya bukari, nimekuwa kila mchana mbele ya mashine nafuta muhuri ukurasa kwa ukurasa. Wino wa zambarau unatoka, herufi nyeusi zinabaki, ukifanya polepole. Jina lake limeanza kuonekana. Mahali ambapo muhuri umeshikana na mchoro na vyote viwili vinatoka pamoja, nimeacha doa. Ningeweza kuchora upya mstari wa pwani au mkia wa samaki, mkono ninao. Sikuchora. Faili hilo ndilo nililoliweka kwenye fleshi yako jana, badala ya lile la zamani, na ukurasa wa kwanza una jina lake peke yake.

Mama Vero yuko Lubumbashi. Anakaa kwenye kambi ya askari, mume wake amestaafu. Wenzako wanangoja fleshi Jumatatu, najua umeshawaahidi, na najua hupendi kufika mahali mikono mitupu. Ninakuomba uende kwake kwanza. Umwonyeshe kazi, umwambie mnataka kuifanya nini, itakaa wapi, nani ataweza kuichukua, nani ataruhusiwa kuibadili. Halafu unyamaze, umwache afikiri. Akisema ndiyo, iwe kwa namna atakayosema yeye. Akisema hapana, fleshi ni yake, na utawaambia wenzako hapana kwa mdomo wako mwenyewe, bila kunisingizia. Watanuna. Wewe ni bingwa wa kununa na unajua kwamba kunakwisha.

Sina wasiwasi nawe katika hili. Nimekuona ukirudisha chenji ya mteja aliyekwisha kufika barabara ya pili, ukikimbia na ndala moja. Uamuzi huo ulikuwa wako, mimi sikukufundisha. Wasiwasi niliokuwa nao ni juu yangu.

Maana hapa ndipo nilipotaka kuandika: ukifika, umwambie kwamba baba yako anaomba msamaha. Nilikuwa nimeshaandika "ukifika umwa". Unaona nilivyolikata. Nikaona ninachofanya. Ninamtuma binti yangu, ambaye hakugonga muhuri wowote, abebe sanduku, fleshi, na aibu ya mtu mzima, akasimame badala yangu mbele ya mwanamke niliyemuumiza. Tena namba ya simu ya Mama Vero ninayo. Nimekuwa nayo miaka miwili, niliipata kwa mama mmoja wa base anayeuza makaa. Miaka miwili imekaa kwenye simu yangu kati ya fundi wa printa na muuza wino.

Nikaiweka kalamu chini. Nimempigia sasa hivi, na nakuandikia kabla sijaanza kuyapamba.

Aliitika mara ya tatu. Nikajitaja. Nikamwambia nilikosa, kwamba jina lake nililifunika, kwamba kwenye redio nilidanganya, na kwamba lile neno la Equateur limenikaa moyoni tangu siku ile. Nilisema hivyo tu, maneno machache, kama yule mzee.

Kisha akaniambia kwamba madaftari yake hayapo, wala zile kopi mbili. Vyote vililoa njiani siku ile ya kuhama, vikashikana, watoto wakavitumia kuwashia moto. Hakuwa na hata ukurasa mmoja.

"Ile karte ya ziwa, iko?" akauliza.

"Iko, mama. Yote iko."

Numbi, nililia, na sioni haya kukuambia. Nilikuwa nimemwibia, na kile nilichoiba ndicho pekee kilichobaki. Sijui nikiweke wapi hicho kichwani mwangu. Hakinisafishi, wala sikitaji ili kinisafishe.

Nikamwambia wewe unakuja, kwamba umekuwa mwanamke, kwamba una ombi lako kwake na ana haki ya kukataa. Nikamuuliza kama na mimi naweza kuja, treni inayofuata.

"Tuma mutoto," akasema. "Weye, hapana. Bado."

"Ndiyo, mama."

"Na mutoto, anajua kama minyi njo niliandika?"

Nikatazama karatasi hizi mezani. "Atajua kesho, mu treni. Niko namwandikia barua."

"Sasa unaongea na minyi ya nini?" akasema. "Maliza kwanza kuandika."

Akakata simu. Nimemaliza.

Baba yako